Kitambulisho cha Ekiru

Wairimu, mwanangu,

Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kukataa kubebeshwa mzigo na mtu usiyemjua pale uwanja wa ndege, Anti yako Njoki amekuambia mpaka umechoka. Mimi sitayarudia. Barua hii nampa yeye aitie ndani ya begi lako, katikati ya nguo. Usiisome mbele ya watu. Umezoea kunisikia kwa sauti kubwa, lakini hii nimeiandika kwa sauti ndogo.

Najua hutaki niwe ndani ya gari kesho. Hukuniambia wewe, ulimwambia Anti, na Anti hajui kuficha kitu usoni. Nikamuuliza, "Kwani amesema nini?" Akasema, "Amesema gari imejaa." Sisi sote tunajua gari ya Mwangi haijawahi kujaa, hata siku ile ilibeba kwaya nzima na ngoma zao. Sikukasirika. Tangu Jumapili unapita kando yangu na sufuria ukisema "samahani" kama mtu aliye kwa foleni ya benki. Mimi niliyekufundisha kufunga viatu.

Wacha niingie moja kwa moja kwa hiyo Jumapili, kwa sababu nikizunguka nitaanza kutunga, na unajua nikianza kutunga huwa sijui breki iko wapi.

Lakini kwanza uelewe nilitoka wapi. Mama yako alipokufa akakuacha mdogo, mimi kaka yake sikuwa na kitu cha kukupa isipokuwa mdomo. Ukilia, nilikuambia vile nilimshika kiboko masikio pale ziwani Naivasha mpaka akaomba radhi. Ukikataa uji, nilikuambia vile rubani mmoja alishuka na ndege Ndabibi kuniuliza njia ya Kisumu. Ulikunywa uji. Nikaona kumbe uongo unalisha mtoto, nikaendelea hata baada ya mtoto kukua. Huku Rhonda watu wanajua nilifika fomu foo. Kule shambani Ndabibi, kazini kwangu, wanajua niliitwa chuo kikuu nikakataa kwa sababu ya chakula chao. Wewe peke yako unajua niliachia darasa la saba, maana ni wewe ulikuwa ukinijazia fomu za hospitali.

Halafu ukaanza kusoma hayo mambo ya watumwa wa Amerika. Ulikuwa unakaa pale kwa ngazi unanisomea, na mimi ninamenya viazi. Ukanisomea vile watu walivyouzwa mbele ya umati, mama huku na mtoto kule. Ukanisomea pia vile hawakukaa tu. Huyu anavunja jembe makusudi, yule anajifanya mgonjwa siku ya mavuno, ghala linashika moto na hakuna aliyeona kitu. Wengine wakakimbilia kwenye vinamasi wakajenga vijiji vyao huko, mbwa wa mabwana wakashindwa kuwafikia. Na yule mwanamke aliyetoroka, akafika mahali salama, kisha akarudi tena na tena kuchukua wenzake. Ulipofika kwa huyo uliacha kusoma ukaangalia mlima, na mimi nikasahau kiazi mkononi.

Kesho yake nikayapeleka kwa kinyozi. Yule mwanamke nikasema asili yake ni Kinangop. Watu wakashangaa, mmoja akaninunulia chai. Na hapo ndipo niliharibikiwa, Wairimu. Ulichonisomea ili nisikie uchungu, mimi nilikifanya kitu cha kujivunia. Nikaanza kusema hao wengine waliobaki shambani waliwezwa vipi, kwani walikuwa wanaogopa nini, sisi wa huku hatungekubali. Wewe ukinisikia ulikuwa unasema, "Anko, si hivyo." Nami nakujibu, "Enda uweke chai."

Sasa Jumapili. Miss Loretta amekuja Nakuru na wale walimu wa kanisa, na kwa sababu utaishi kwake kule Carolina, tukasema aje ale kwetu. Mama mtu mzima, mweusi kama sisi, kicheko chake kinatoka tumboni. Alikula mukimo akaomba tena, Anti akampenda hapo hapo. Ningeacha mambo hivyo. Watu walikuwa wanakula, mvua imekatika, mbuzi amechomwa akachomeka. Lakini nilikuwa na mgeni kutoka mbali ambaye hajawahi kusikia hadithi zangu, na mtu kama mimi hawezi kuona shamba kama hilo akaliacha bila kulima.

Nikakuambia, "Muulize hao watu wake walikubali aje kufungwa. Watu wengi hivyo, na wazungu wachache."

Ukasema, "Anko, hiyo siwezi kuuliza."

"Wewe tafsiri. Si ndio kazi umesomea?"

"Anko, tafadhali."

"Mwambie hapa kwetu hakuna mtu angefungwa. Mwambie babu yangu, Guka, alitoa kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, kwa shingo akamtupia mzungu usoni, na mzungu akalia. Mwambie vile nimesema. Usipunguze."

Uliangalia sahani yako. Halafu ukatafsiri, na nikajua hukupunguza, kwa sababu Miss Loretta aliacha kutafuna.

Alipangusa mikono polepole. Akaanza kuongea akiniangalia mimi, na wewe ukawa unaleta maneno yake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Akasema bibi ya bibi yake aliitwa Dinah. Akasema kule, mtumwa hangeweza kuweka mguu nje ya shamba bila karatasi iliyoandikwa na bwana wake, inasema huyu ni wa nani, anaenda wapi, anarudi lini. Barabarani kulikuwa na watu wa farasi, kazi yao ni kuuliza hiyo karatasi. Na kumfundisha mtumwa kuandika kulikuwa ni kosa kwa sheria. Huyo Dinah alikuwa anafagia chumba ambamo watoto wa bwana walifundishwa. Herufi aliyoiona leo aliiandika kwenye majivu ya meko, akaifuta kabla mtu hajaingia. Mpaka siku moja akaandika karatasi ya kaka yake: mruhusuni huyu apite. Kaka akaenda, na hakuonekana tena, na kwa familia yao hiyo husimuliwa kama habari njema. Dinah wakamgundua. Wakamuuza shamba lingine.

"Na huko pia akapata majivu," ukasema. "Hivyo ndivyo tulivyokubali."

Hayo ya mwisho sijui kama ni yeye aliyasema au ni wewe. Sikuuliza. Nilicheka, nikagonga meza, nikasema huyo Dinah sasa ndiye mtu wa kwetu. Nilikuwa bado sijasikia chochote, masikio yakiwa wazi.

Ndipo Ekiru akasimama mlangoni.

Unamjua Ekiru, yule Mturkana wa kule Ndabibi kwa vitunguu, ambaye nilimleta na mbuzi kwa sababu hakuna mtu anajua kuchoma kama yeye. Alikuwa ametoa kofia. Alisema, "Boss, nimemaliza. Naomba ile kitambulisho yangu. Mathe amezidiwa. Nataka kushika gari ya kwenda nyumbani leo."

Nikamjibu, "Kijana, si unaona niko na wageni? Tutaongea Ndabibi."

"Ulisema hivyo juzi, boss."

"Na nimesema tena."

Miss Loretta akakuuliza kitu. Ukaniambia, "Anauliza huyu amesema nini."

"Mwambie anaulizia soda."

Uliniangalia, mwanangu. Nimewahi kuangaliwa na nyati, na hiyo ni kweli, Anti alikuwako, lakini sijawahi kuangaliwa hivyo. Halafu ukamwambia yote. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno la mama nalijua, na la karatasi nalijua.

Akauliza, na ukaniletea: "Anataka kujua kwa nini iko na wewe."

"Namuwekea. Isipotee."

Ulitafsiri kwa maneno machache. Yeye akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa saa. Hakunikemea. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akampa Ekiru mkono, akamuuliza jina lake. Akasimama hapo ameshika ule mkono wenye masizi muda mrefu. Aliporudi hakula tena. Anti akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na nyama.

Na wewe ukasema mbele ya wote, "Anko, mpe."

Nikasema, "Iko Ndabibi."

Ilikuwa ndani ya kabati, Wairimu. Kwa ule mkebe wa biskuti, juu ya kichwa cha Miss Loretta. Nadhani ulijua. Ekiru alisema, "Sawa, boss," akavaa kofia akaenda.

Sasa nikueleze bila kupamba. Miaka ya nyuma jamaa mmoja aliondoka shambani na bomba la kunyunyizia dawa, na mwenye shamba, yule wa Nairobi, akanikata mimi mshahara. Tangu hapo nikaweka sheria yangu: ukija kufanya kazi, kitambulisho kinakaa kwa nyapara. Naam, nyapara. Kwa watu nimesema ni meneja. Nilijiambia mbona hata kwa geti ya jengo askari huchukua kitambulisho chako ukiingia. Lakini yule askari hukurudishia ukitoka. Mimi nilikuwa geti la kuingilia tu. Niliona ya kwamba mtu ambaye kitambulisho chake kiko kwangu haendi mbali wakati wa palizi. Haendi kuuliza kazi kwa jirani. Hajibu akitukanwa. Nikaiita nidhamu. Usije ukanitetea kwa kusema sikujua. Nilijua, ndiyo maana niliviweka kwa mkebe badala ya kuviweka mezani.

Mlipomsindikiza mgeni, nilifungua ule mkebe. Nikasoma cha Ekiru. Miaka yote hiyo kimekuwa kwangu na sikuwahi kukisoma. Kwa picha amevaa koti la kuazima, mabega yanamzidi. Nikaangalia mwaka wa kuzaliwa. Ni mkubwa kwangu. Ni mtu ambaye ningepaswa kumsalimia kwanza, na nimekuwa nikimwita kijana.

Na Guka hakutupa kitu. Hii hata Anti haijui. Cucu, mkewe, aliniambia nikiwa mkubwa. Guka alivaa kipande shingoni, kwa kile kikopo cha bati na kamba yake, kwa shamba la mzungu upande wa Naivasha, na bila sahihi ya mzungu hangeweza kutoka kwenda kutafuta kazi kwingine. Alikivaa mpaka siku serikali iliposema basi. Hata baada ya uhuru, mzee akitaka kutoka nyumbani alikuwa anajigusa kifuani kwanza, hapa, kuangalia kama kiko. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza tukicheka. Nilipokua nikaona haya kuwa na babu kama huyo, nikamtungia mwingine anayerusha vikopo. Nikamrusha mbali kweli, mpaka nikasahau kile kikopo kilikuwa kinafanya kazi gani. Ningekumbuka, ningejua nimeshika nini mkononi.

Jumatatu nilienda Ndabibi na mkebe. Gari ikipita Kamere nilikuwa nimeshatunga hotuba nzima. Nikawakuta kwa mistari ya vitunguu, wameinama. Nikaita. Nikasema nimewaletea vitambulisho vyao, kila mtu achukue chake, na sheria hiyo imeisha. Nilingoja kushukuriwa. Ndiyo, Wairimu, hata hapo nilikuwa nangoja kushukuriwa.

Wakaangaliana. Nekesa, yule aliyetoka mashamba ya maua, akajipangusa mikono kwa leso akauliza, "Hizo ni za mwaka gani, boss?"

"Ni zenu."

"Aii. Hizo ni za kitambo." Akafungua fundo la leso akatoa kitambulisho kipya, kinang'aa. "Tuliandikisha zimepotea, tukapewa zingine. Boss, sisi tuko na hizi tangu mvua ya mwaka jana."

"Nyote?"

"Sote. Hizo tulikuachia tu ujisikie vizuri."

"Tulikuwa tunakuonea huruma," akasema mwingine, "vile unabeba huo mkebe kama kikapu cha mayai."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye udongo. Na mimi nikacheka, ningefanya nini? Nilikuwa nacheka na nakumbuka ukinisomea kwa ngazi, huyu anavunja jembe, yule anajifanya mgonjwa. Walikuwa mbele yangu miaka yote hiyo wakisema "ndiyo boss," na mimi nikawahesabu kuwa waoga. Mchana naenda kwa kinyozi kusifu watu wa Amerika waliowapiga chenga mabwana zao, na hapa bwana anayepigwa chenga ni mimi.

Halafu nikauliza, "Na Ekiru, yake mpya anayo?"

Kicheko kikaisha.

"Ekiru alikataa," Nekesa akasema. "Tulimwambia, tukamwambia tena. Akasema wewe ulimwambia unamuwekea. Alisema mtu akikuwekea kitu, huwezi enda kwa serikali useme imepotea. Hiyo ni kumwita mwizi."

Nilikaa kwenye tuta, nikaweka mkebe katikati ya miguu. Huyo peke yake, kati ya wote, ndiye aliyeamini hadithi yangu.

"Yuko wapi?"

"Si mlikuwa na yeye Jumapili? Huku hakurudi. Alinipigia kutoka Kitale. Aliteremshwa kwa kizuizi cha polisi, hana kitambulisho. Alikuwa anaomba malori yambebe."

Nikapiga simu yake, imezimwa. Nikapiga mpaka yangu nayo ikazima.

Nitakuambia pia vile nilifanya Jumanne, ingawa hiyo ningependa kuiruka. Nilitaka kutuma kile kitambulisho kwa basi, kama paseli, nilipe, yaishe, nipate nafasi ya kukusindikiza na koti langu la harusi. Nilikuwa nimeshakifunga kwa bahasha. Anti akaniuliza, "Na nani atasema pole? Dereva?" Akaendelea kupepeta mchele.

Leo mchana Nekesa amenipigia. Mama ya Ekiru ameshazikwa. Yeye alifika baadaye.

Kwa hiyo ile gari ya Mwangi unaweza kuwaambia ina nafasi. Hukunifukuza wewe, nina safari yangu. Nimekata tiketi ya basi ya kwenda juu, kwao Ekiru, inatoka asubuhi kabla yenu. Huko kwao sijawahi kufika, ingawa nimewahi kuwaambia watu wa Rhonda kwamba nilivuka jangwa hilo kwa miguu. Ona sasa, nimekaa hapa na tayari naona majambazi wa kutunga barabarani, na mimi nawatuliza kwa maneno. Nakuomba kitu kimoja. Nikija kukusimulia hiyo safari kwa simu na ukasikia kuna simba ndani, ukate simu.

Kule kwa Miss Loretta utakaa kwa meza yake. Siku atakapouliza habari zangu, usinipambe na usinifiche. Mwambie kitambulisho kilikuwa ndani ya nyumba, juu ya kichwa chake. Mwambie na ya Guka, kwamba alivaa kipande mpaka mwisho, na alilea watu akiwa nacho shingoni. Mimi nilidhani mtu ni yule aliyerusha tu. Wewe unaenda kusomea hao wengi ambao hawakurusha, walioamka kesho yake wakarudi kwa mistari ile ile na kitu kimefichwa kwenye fundo la nguo. Ukiwasoma, usiharakishe kurasa zao kama nilivyokuwa nikikuambia uruke ufike penye moto. Na watu wa huku kwetu, Amerika wanaijua kwa picha tu, watakuuliza kama umeona magorofa. Waambie umeona.

Nimejaribu kupanga nitakachomwambia Ekiru. Kila nikianza kinakuwa hadithi, mara nalia, mara ananikumbatia, mara wazee wao wananipa ngamia. Nimefuta yote. Nitafika, nitamsalimia kwanza kwa sababu ni mkubwa wangu. Nitampa kitambulisho kwa mikono miwili. Nitamwambia, "Mzee Ekiru, nilikudanganya. Ilikuwa kwa nyumba." Halafu nitanyamaza, aseme lile analotaka kusema, hata kama ni kitu hakisemeki mbele ya watu, na mimi nisijibu. Hiyo ya kutojibu sijawahi kuifanya. Nitaianzia huko.

Safiri vizuri, mtoto wa dada yangu. Begi lisipofunga, lile la bluu, bonyeza kona ya kushoto.

Ndung'u